Hatari kwanza, jina la ugonjwa baadaye: namna ya kumfunda mwanafunzi wa uuguzi kazi ya dharura

Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu anaweza kukueleza malaria kali kuanzia mbu hadi figo na kukutajia dozi ya artesuneti bila kufungua daftari. Mletee mtoto wa miaka mitatu asiyejitambua, anayekoroma mikononi mwa mama yake, na mikono yake inakosa pa kuanzia. Anatafuta faili. Anamuuliza mama homa ilianza lini. Anaweka kipimajoto kwapani. Muda wote huo ulimi umeangukia koo na mtoto anakosa hewa. Hakuna alichosahau. Amefuata sawasawa mpangilio aliofundishwa kwa miaka mitatu: historia, uchunguzi, vipimo, jina la ugonjwa, ndipo matibabu.

Mafunzo ya dharura yanaupindua mpangilio huo, na ugumu wake hasa ndio huu. Vifaa na dawa zinazohusika si nyingi. Swali la kwanza linabadilika kutoka "anaumwa nini?" kuwa "kitu gani kitamuua ndani ya dakika chache zijazo?" Magonjwa ni mamia, lakini njia za kufa haraka ni chache: hewa haipiti, mapafu hayafanyi kazi, damu haizunguki, ubongo umekosa sukari au umebanwa. Mtoto wa malaria, mtu aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu na dereva wa bodaboda aliyepasuka kichwa, wote watatu wakifika wanakoroma, wanaanzia mahali pamoja: kufunguliwa njia ya hewa. Tofauti yao katika hatua hiyo ni moja tu. Yule wa bodaboda hainamishwi kichwa nyuma. Taya lake husukumwa mbele kwa vidole huku shingo ikishikiliwa isicheze.

Kozi ya huduma ya msingi ya dharura ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoandaliwa pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Shirikisho la Kimataifa la Tiba ya Dharura na kutolewa mwaka 2018, imepangwa kwa mantiki hiyo. Haina sura ya malaria wala ya kisukari. Ina mada tano: mbinu ya ABCDE, majeraha, kupumua kwa shida, shoki (damu haizunguki vya kutosha mwilini), na kubadilika kwa fahamu. Yaani inamfuata mgonjwa kwa jinsi anavyoingia mlangoni. Kabla ya kutolewa ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia, na mazingira iliyoyalenga yanaonekana: haimtegemei daktari bingwa wala mashine ya kupumulia. Tanzania yenyewe ilikuwa imeanza safari mapema kidogo. Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa dharura. Ila katika hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya, mtu wa kwanza kumgusa mgonjwa mahututi ni muuguzi, na mara nyingi pembeni yake kuna mwanafunzi.

ABCDE si shairi

Kila mwanafunzi anaweza kuighani: njia ya hewa (A), upumuaji (B), mzunguko wa damu (C), fahamu (D), kumfunua mgonjwa (E). Kuighani ndiko kunakodanganya. Mwanafunzi anapita herufi zote tano kwa sekunde arobaini, anatoa ripoti nzuri, na mgonjwa yuko vilevile alivyoletwa. Kila herufi ina kazi tatu: tazama, tenda, hakikisha kwamba ulichotenda kimefanya kazi. Huendi B kama A haijatengenezwa. Na hali ikibadilika, hata ukiwa umefika E, unarudi A. Mkufunzi mzuri ana neno moja analolirudia hadi linachosha: "Umeona. Umefanya nini?"

Kwenye A masikio yanatangulia macho. Mkoromo ni ulimi uliolegea. Mabubujiko ni mate, damu au matapishi, yanayotaka mashine ya kunyonya. Na mrija wake hauendi ndani kupita pale macho yanapofika. Mlio mkali wakati wa kuvuta hewa ni uvimbe au kitu kilichokwama juu. Mgonjwa anayehangaika kupumua bila sauti yoyote ndiye wa kutisha kuliko wote. Kifaa cha plastiki cha kushikilia ulimi hupimwa kwanza shavuni, kutoka kona ya mdomo hadi pembe ya taya. Kikiwa kifupi kinausukuma ulimi nyuma, kikiwa kirefu kinaziba kile kilichotakiwa kufunguliwa. Tena hakiwekwi kwa mtu ambaye bado anakikataa kwa kutaka kutapika.

B ndipo penye ujuzi ambao wanafunzi wengi hudhani wanao. Mfuko wa ambu, ule unaobonyezwa kwa mkono kumpa mgonjwa pumzi, wa mtu mzima hubeba takribani lita moja na nusu. Mgonjwa anahitaji mililita 500 hadi 600 tu, yaani kama theluthi ya mfuko, kiasi cha kukiona kifua kikiinuka. Akiwa na mapigo ya moyo lakini hapumui, anapewa pumzi moja kila sekunde 6. Mwanafunzi mwenye hofu hubonyeza mfuko wote, kila sekunde mbili. Hewa inayozidi inaingia tumboni, tumbo linavimba, mgonjwa anatapika na matapishi yanaingia mapafuni. Shinikizo lililojaa kifuani nalo linazuia damu kurudi kwenye moyo, kwa hiyo presha inashuka huku kila mtu akiamini mgonjwa anasaidiwa. Sanamu ya mafunzo haitapiki. Inavumilia kila kosa, na hapo ndipo mazoea mabaya yanapozaliwa. Dawa yake ni nafuu: anayebonyeza ahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu, nne, tano, bonyeza", na mwenzake asimame na saa. Kwa watoto kasi ni kubwa zaidi, pumzi moja kila sekunde 2 hadi 3, na hesabu yao ifundishwe siku nyingine ili zisichanganyike.

Barakoa ya ambu nayo ina siri yake. Kidole gumba na cha shahada hufanya duara juu ya barakoa; vitatu vinavyobaki hushika mfupa wa taya, si nyama laini chini ya kidevu, kwa kuwa kuibonyeza nyama hiyo, hasa kwa mtoto, kunausukuma ulimi juu. Uso ndio unaoinuliwa kuifuata barakoa. Ukiikandamiza barakoa usoni, kichwa kinainama mbele na njia inafunga. Mkono mmoja ukishindwa kuzuia hewa isivuje, basi iwe kazi ya watu wawili: mmoja anashika kwa mikono yote miwili, mwingine anabonyeza. Ningeanza kufundisha namna hii ya watu wawili kabla ya ile ya mtu mmoja, ingawa vitabu vingi huanza na mtu mmoja.

Oksijeni inaonekana rahisi hadi uone inavyowekwa. Mrija wa puani kwa mtu mzima ni lita 1 hadi 5 kwa dakika. Barakoa yenye mfuko wa akiba ni lita 10 hadi 15, na mfuko ujae kabla haijavishwa. Kuivisha kwa lita 4 ni kumpa mgonjwa hewa yake mwenyewe aliyokwisha kuitoa. Hapa mazingira yanaingilia: mashine nyingi za kuzalisha oksijeni hutoa lita 5 hadi 10, hivyo barakoa ya akiba inataka mtungi, na mtungi unataka spana ya kuufungulia. Mwanafunzi aijue spana ilipo kabla umeme haujakatika.

Maji ya mshipa, na kwa nini mtoto si mtu mzima mdogo

C kwa mtu mzima aliyepoteza damu si fumbo kubwa. Zuia damu kwa kubana jeraha moja kwa moja, weka kanula (mirija midogo ya kuingia mshipani) mbili nene, fungua lita moja ya maji, itisha damu. Jambo la kulifafanua ni unene wa kanula. Mtiririko katika mrija hutegemea nusu kipenyo chake kikizidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo tofauti ndogo ya upana huzaa tofauti kubwa ya kasi, na mrija mfupi unapitisha kuliko mrefu. Kanula ya buluu, namba 22, ikiwekwa kwa mtu anayevuja damu ni kama kuzima moto kwa kijiko. Inatakiwa ya kijani, namba 18, au ya kijivu, namba 16. Wanafunzi huchagua ya buluu kwa sababu ni rahisi kuingia na wanaogopa kukosa mshipa mbele za watu. Hofu hiyo isemwe wazi darasani.

Kuhesabu matone nako kuna mpaka wake. Seti ya kawaida ya dripu hutoa matone 20 kwa mililita. Lita moja kwa dakika 30 ni matone 667 kwa dakika, ambayo jicho haliwezi kuyahesabu. Kwa hiyo kidhibiti hufunguliwa chote, na kinachoamua kasi ni kanula na urefu wa nguzo ya dripu.

Kwa mtoto mambo ni mengine kabisa. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, ulikuja na jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, karibu 10 au 11 katika kila 100, kuliko waliopewa maji kwa kasi ya kawaida tu, ambao walikuwa 7. Kitendo kilichofundishwa miaka mingi kuwa cha kuokoa kilikuwa kinaua baadhi yao. Kwa mwongozo wa WHO mtoto huhesabiwa kuwa na shoki pale tu dalili tatu zinapokuwepo pamoja: mikono na miguu ya baridi, rangi ya kucha kuchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi baada ya kubonyezwa, na mapigo dhaifu yanayokwenda mbio. Hata akiwa nazo zote, maji ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, na anatazamwa upya kila mara. Pumzi zikiongezeka kasi, ini likivimba au mapafu yakianza kutoa mlio, dripu inafungwa.

Mwanafunzi akiishia hapo atatoka na kosa jipya: "watoto hawapewi maji". Watoto waliokuwa wakiharisha hawakuwemo katika utafiti ule. Mwenye kuhara aliyekaukiwa sana bado anahitaji mililita 100 kwa kila kilo. Wa zaidi ya mwaka mmoja hupewa 30 za kwanza kwa nusu saa na 70 zinazobaki kwa saa mbili na nusu. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka, 30 kwa saa moja na 70 kwa saa tano. Mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake wa tahadhari. Kwa hiyo kabla ya kugusa dripu ya mtoto kuna maswali matatu: ana homa au anaharisha? amedhoofu kwa utapiamlo? amepauka viganja? Aliyepauka sana anataka damu.

Turudi kwa mtoto wa miaka mitatu. Hakuna muda wa kumpima kwenye mizani, kwa hiyo uzito unakisiwa: umri kwa miaka, ongeza 4, zidisha kwa 2, unapata kilo 14. Akiwa na dalili zote tatu, mililita 10 kwa kilo ni 140. Kwa saa moja, kwa seti ya matone 20, ni kama matone 47 kwa dakika. Hesabu hii mwanafunzi aifanye akiwa amesimama, kwenye kelele, mwenzake akimuuliza jambo lingine. Akiiweza mezani tu, hajaiweza.

Kuna mahali pamoja zaidi ambapo huyu mtoto hufia: D. Asiyejitambua hupimwa sukari palepale, na pasipo na kipimo anatibiwa kana kwamba imeshuka. Chini ya milimoli 2.5 kwa lita, au 3 kwa mwenye utapiamlo, anapewa glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, kwake 70. Lakini kilichopo kabatini mara nyingi ni ya asilimia 50, ambayo ni nzito na huunguza mishipa midogo. Changanya sehemu moja ya hiyo na sehemu nne za maji ya sindano: mililita 14 kwa 56. Kosa linalojirudia ni kuongeza glukosi ya asilimia 5 badala ya maji kwa uwiano huohuo. Hapo mchanganyiko unatoka na asilimia 14. Baada ya nusu saa sukari ipimwe tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

E inapitwa haraka, nami nitaipita haraka: mfunue wote, mgeuze umtazame mgongo, mfunike tena kwa shuka au kitenge, kwa heshima yake na kwa sababu baridi huharibu kuganda kwa damu.

Mlangoni

Kupanga wagonjwa kwa uharaka hufundishwa kama rangi: nyekundu, njano, kijani. Mfumo ulioanzia Afrika Kusini huongeza ya machungwa na kuweka muda, nyekundu papo hapo, ya machungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Rangi zenyewe hazisumbui. Kinachousumbua mfumo mzima ni pumzi zisizohesabiwa. Tazama chati za wodi yoyote uone ni wagonjwa wangapi "wanapumua" mara 18 au 20. Idadi ya pumzi ndiyo dalili inayobadilika mapema mtu anapozidiwa, na ndiyo dalili inayobuniwa kuliko zote kwa sababu haina mashine. Zihesabiwe dakika nzima, kwa mtoto akiwa ametulia na nguo imeinuliwa. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Zoezi lake ni jepesi: wanafunzi watatu wamhesabu mtu mmoja kwa wakati mmoja bila kuambiana, kisha waandike ubaoni. Tofauti ya namba zao inafundisha kuliko mhadhara.

Mazoezi ya kuigiza

Ujuzi wa mkono hufundishwa kwanza peke yake, halafu ndani ya tukio. Kubana kifua kwa mtu mzima ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, kifua kiachwe kirudi chote, mibano 30 kwa pumzi 2, na mbanaji abadilishwe kila dakika 2 hata kama anasema hajachoka. Kina huanza kupungua kabla ya mtu kuhisi uchovu. Kitanda chenye godoro laini humeza sehemu ya nguvu. Weka ubao chini ya mgongo.

Tukio la kuigiza halihitaji sanamu ya mamilioni. Mwanafunzi mmoja alale kama mgonjwa, namba ziandikwe kwenye karatasi na kuonyeshwa pale tu kipimo kinapochukuliwa kweli. Hilo ni muhimu: asiyeweka kipima oksijeni kidoleni asipewe namba. Kundi la watu watano au sita linatosha. Tukio lichukue dakika 10, mazungumzo baada yake yachukue 20, na mkufunzi aanze kwa kuuliza walichokuwa wanafikiri, si kwa kutaja walichokosea. Akitangulia kukosoa, walio na aibu wananyamaza, na sababu ya kosa haitajulikana kamwe.

Humo ndimo amri hurudiwa. "Adrenalini nusu miligramu, msuli wa paja." Anayevuta dawa anajibu, "Nusu miligramu, msuli wa paja." Akimaliza: "Imeingia, saa nne na dakika kumi." Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini adrenalini ni mahali pazuri pa kuona inaokoa nini. Kwa mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali ni nusu miligramu kwenye msuli, inayoweza kurudiwa baada ya dakika 5. Kwa moyo uliosimama ni miligramu nzima kwenye mshipa, kila dakika 3 hadi 5. Ampuli, yaani kichupa cha dawa, ni ileile. Ile miligramu ikiingia kwenye mshipa wa mtu ambaye moyo wake unapiga, inaweza kuuvuruga moyo huo au kupandisha presha hadi damu ivujie kwenye ubongo.

Muuguzi mwanafunzi pia afundishwe namna ya kumsemesha aliyemzidi cheo. Heshima ya kwetu inamfanya mdogo anyamaze anapoona mkubwa anakosea. Kumwambia "mkosoe" hakusaidii. Mpe maneno kamili ya kutumia: "Samahani daktari, naona oksijeni imeshuka hadi 82, nina wasiwasi, naomba tuangalie njia ya hewa." Ayatamke kwenye igizo mara nyingi hadi yasimkwame kooni.

Mtihani unaweza kuharibu haya yote. Orodha ya alama inayotoa moja kwa kunawa mikono, moja kwa kujitambulisha na moja kwa kufungua njia ya hewa inamruhusu mtu kufaulu kwa asilimia 80 huku mgonjwa wake amekufa. Weka hatua ambazo akizikosa amefeli sehemu hiyo ya mtihani hata kama mengine yote ni sahihi. Vilevile kitabu cha kumbukumbu za mazoezi kisichanganye "nimeona", "nimesaidia" na "nimefanya". Saini tatu za kuona watu wakibana kifua si ujuzi wa kubana kifua. Na kwa kuwa ujuzi huu huanza kupotea ndani ya miezi 3 hadi 6, kozi ya siku tano mwaka wa mwisho bila marudio ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Dakika 15 kila mwezi kando ya sanamu moja, wodini, zinashika zaidi.

Pa kuanzia, tangu mwaka wa kwanza, ni kukagua troli ya dharura kila zamu inapoanza. Ziba mdomo wa ambu kwa kiganja ubonyeze: ikigoma ni nzima, ikilegea kuna tundu au vali imekaa vibaya. Achia uone kama mfuko unajaa mara moja. Washa taa ya laringoskopu, kifaa cha kutazamia koo. Fungua mtungi usome geji. Hesabu ampuli za adrenalini na usome tarehe zake. Washa mashine ya kunyonya, kunja mrija kwa vidole, uangalie mshale ukipanda. Kisha andika jina lako na saa, kwa sababu anayefuata atakuja kukuuliza kwa nini betri haikuwepo.